Barua ya wazi kwa viongozi wa Mwanza: vijana wa vilimani wapeni ukuta wa kujifunzia

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza,
Wakurugenzi wa Halmashauri ya Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela,
Uongozi wa Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), Kanda ya Ziwa,
na wote wenye dhamana ya malikale nchini.

YAH: OMBI LA MAFUNZO YA UASHI WA MAWE KWA VIJANA WA VILIMANI

Waheshimiwa, mwangaluka.

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni fundi mwashi, mkazi wa Mabatini. Kazi yangu ni misingi ya mawe, ngazi za mawe, na zile kuta za kuzuia udongo ambazo bila hizo nyumba nyingi za vilimani zingeshateremka zikaingia Mto Mirongo. Nilianza kama saidia fundi, na leo kuna vijana wanaonifuata kazini ili na wao wajue. Naandika kwa ajili yao, na kwa ajili ya wengi zaidi ambao siwezi kuwachukua kwa sababu kazi yangu ni ndogo.

Mwaka wa fedha ukikaribia ukingoni, vijana wetu huitwa ukumbini kwenye semina ya kujitambua na kujiamini. Wanapewa daftari, kalamu, chupa ya maji na nauli. Mtoa mada anawasimamisha, anawaambia waseme kwa sauti, "Mimi naweza!" Wanasema. Asubuhi inayofuata wako saiti, wanabeba zege kichwani, na mtu akiwaita "we dogo" wanaitika mbio bila kuuliza kazi ni ya shilingi ngapi. Sina ugomvi na watoa mada, na wao wana watoto wanasoma. Ila mtu hajiamini kwa kuambiwa ajiamini. Anajiamini akishafanya jambo gumu mbele ya watu wanaolijua, na likasimama.

Niruhusuni nieleze jinsi inavyotokea kwenye mawe, maana huko ndiko ninakokujua.

Kijana akija kwangu, siku za mwanzo simpi mwiko. Nampa nyundo na rundo la mawe, namwambia agonge, asikilize. Jiwe zima hulia wazi, mlio ukaenda mbali. Lenye ufa ndani hujibu kwa sauti fupi, iliyokufa. Akishaweza kuyatenga hayo mawili akiwa amefumba macho, tunaingia kwenye kupasua. Graniti ya Mwanza ina mwelekeo mmoja ambao inakubali kupasuka, na mwelekeo mwingine ambao itamaliza tindo zako zote kabla haijakubali. Mafundi wa zamani walisema jiwe lina njia yake. Ukishaiona njia, unatoboa mashimo mafupi kwenye mstari mmoja, unapanga kabari za chuma, unazigonga moja moja kwa zamu, kidogo kidogo. Mwenye hasira hawezi kazi hii. Mlio wa kabari unapanda kadiri jiwe linavyokaza, kisha linaachia ghafla, na mbele yako pana nyuso mbili zilizonyooka ambazo hakuna macho ya mtu yaliyowahi kuziona. Wenzetu wa jiolojia wanasema miamba hii ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Nimewaona vijana wenye ndevu zao wakiupapasa ule uso kwa kiganja, wamesahau kwamba wanadaiwa kodi ya chumba.

Kisha ukuta. Jiwe linalazwa kwa urefu wake kuelekea ndani. Halisimamishwi nje ili kuwapendeza wapita njia. Kiungo kisikae juu ya kiungo: jiwe moja hukalia mawili, mawili hukalia moja. Kila baada ya hatua chache huwekwa jiwe refu la kufunga, linalotoka uso wa mbele mpaka wa nyuma. Tumbo la ukuta hujazwa vijiwe kwa mkono, kimoja kimoja, vikakazwa. Havimwagwi kwa koleo kama wanavyofanya wenye haraka. Ukuta hulalia mlima kidogo. Na huachiwa matobo ya kutolea maji, maana kuta nyingi tunazozizika kila masika huangushwa na maji yaliyojaa nyuma yake yakakosa pa kutokea, wala si uzito wa udongo peke yake.

Kazini kwangu nina sheria moja tu ya ziada: anayeweka jiwe lazima aweze kusema kwa nini ameliweka pale. Nikipita nauliza, na wenzake wanasikiliza. Wiki za kwanza wanaguna na kucheka. Baadaye wanaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, na mimi nakaa kivulini nawasikiliza, kwa furaha ambayo siwezi kuieleza hapa.

Kuna binti mmoja, simtaji jina, alikuja akitokea kuponda kokoto pamoja na mama yake. Akizungumza na mtu mzima alikuwa anaangalia chini, kiganja mdomoni. Tulipokuwa tunamalizia ukuta fulani, mwenye nyumba, mtu mwenye pesa zake, alifika akaagiza matobo ya maji yazibwe kwa sababu yanaharibu sura. Mimi nilikuwa nimeshuka kufuata saruji. Binti akamjibu, "Hapana baba. Tukiziba, maji yatausukuma ukuta, na chini kuna chumba cha watoto. Kama hupendi yaonekane, panda maua hapa mbele." Nilirudi nikakuta matobo yapo, na mwenye nyumba ananiuliza, "Fundi, huyu umemtoa wapi?"

Hapo ndipo ninapopimia, waheshimiwa. Mtu aweze kumwambia mwenye pesa "hapana" akiwa na sababu mkononi. Aweze kutaja bei yake bila kuomba radhi. Aweze kupita mtaani na mwanawe akamwonyesha kitu akasema, huu niliujenga mimi, uukague. Ukumbi hauwezi kumpa mtu hayo, hata uwe na viyoyozi.

Sasa tazameni tunachofanya na mawe haya kwa sasa. Pandeni Igogo, Bugarika, Mabatini au Isamilo mchana wowote. Mtakuta akina mama wamekaa chini ya turubai, mtoto mgongoni, wanaponda graniti kwa nyundo mpaka iwe kokoto. Wanalipwa kwa ndoo. Wanaume wanawasha moto wa matairi juu ya jiwe ili joto lilipasue, na moshi mweusi unaingia madirishani kwa majirani. Vumbi la graniti lina silika. Likivutwa miaka na miaka hukaa kwenye mapafu na kuyakakamaza, na ugonjwa huo hauponi, huzuilika tu. Kinga yake inajulikana. Unalowesha jiwe unapolikata, unakaa upande upepo unakotokea, unavaa barakoa ya maana, si kitambaa. Lakini ni nani aliyewahi kupanda kule kuwafundisha?

Kila hotuba nasikia habari ya kuongeza thamani. Pamba iongezwe thamani, samaki waongezwe thamani, dhahabu ya Geita isafishwe hapa hapa nchini. Vizuri sana. Ila jiwe ambalo lingechongwa likawa ngazi ya kukanyagwa na wajukuu, sisi tunalisaga na kuliuza kwa ndoo, na hakuna anayeona kwamba hiyo nayo ni mali ghafi inayotupwa. Tena siku hizi mtu akijenga ukuta mzuri wa mawe, mkewe anamwambia upigwe lipu ufanane na wa bloku. Jiji la miamba linaona aibu kuonekana lina mawe!

Wala hatuanzi sifuri. Hapo Ukara, Wakara walishapanga kingo za mawe kwenye miteremko ili udongo usikimbilie ziwani, wakalisha ng'ombe zizini wapate samadi, wakaishi wengi kwenye kisiwa kidogo chenye mawe kila kona. Upande wa pili wa ziwa, Migori nchini Kenya, kuna Thimlich Ohinga: boma za mawe makavu zilizojengwa bila udongo wala chokaa, zina takriban miaka 500, na baadhi ya kuta zake zinazidi mita 4 kwenda juu. UNESCO iliziingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018. Siri yake ni hiyo hiyo niliyoieleza: uso wa nje, uso wa ndani, na tumbo lililoshindiliwa likafunga vyote viwili. Ukishuka kusini unaikuta Great Zimbabwe, graniti kama yetu, kuta za kufikia mita 11, nazo hazina tone la saruji. Wakoloni walihangaika miaka mingi kutafuta mgeni wa kumpa sifa ya kuijenga, kwa kuwa hawakutaka kuamini mikono ya Kiafrika iliweza. Kijana wa Igogo akiijua habari hiyo kabla ya kushika tindo, anaishika tofauti. Nimejaribu, najua.

Hapa mjini nako kuna ya kuangaliwa. Mwanza ilianzishwa kama kituo cha utawala wa Wajerumani mwaka 1892, reli ikafika kutoka Tabora mwaka 1928, na kati ya hapo na uhuru yamejengwa majengo ya serikali, makanisa, maduka ya Wahindi na kuta za mawe ambazo bado zinatumika. Kwenye mzunguko wa mnara wa saa kuna kibao kinachotukumbusha kwamba tarehe 3 Agosti 1858 Speke, mpelelezi Mwingereza, aliliona Ziwa Victoria akiwa kilima cha Isamilo. Aliyeliona ziwa, ambalo bibi zetu walikuwa wanateka maji humo siku zote, ana kibao. Waliopasua mawe ya mji huu hawana hata mstari mmoja. Siombi kibao, naombea kazi yao itunzwe na watu wanaoielewa.

Kwa sasa haitunzwi hivyo. Jengo la zamani likipata ufa, anaitwa fundi wa bei ya chini. Anapaka saruji juu, anapiga rangi, analipwa. Kuta nyingi za zamani zilifungwa kwa chokaa au udongo, vitu laini vinavyopumua: unyevu unaingia masika na unatoka kiangazi. Saruji ni ngumu na imeziba. Ukiipaka juu, unyevu unafungiwa ndani, tumbo la ukuta linalegea polepole huku uso ukionekana mpya. Kwa nje jengo linapendeza kwenye picha ya uzinduzi. Ndani linaoza. Na gharama za majengo ya kale kukosa uangalizi mzuri nchi hii imeshaziona: Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883 pale Mji Mkongwe, Zanzibar, sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 wakati ukarabati ukiendelea, na watu wakapoteza maisha.

Sheria nayo ina pengo kwa mji wetu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Ya baadaye yanalindwa yakitangazwa rasmi. Mji ulioanza 1892 hauna jengo hata moja linalopita kwenye mlango huo wa kwanza. Kwa hiyo jengo la hapa linaweza kubomolewa kihalali kabisa, likapisha fremu za maduka, kabla hajatokea mtu wa kusema hili lilistahili kutangazwa.

Basi, ombi letu. Tunaomba mafunzo ya uashi wa mawe, ya kujenga na ya kukarabati, na yafanyike kwenye majengo na kuta halisi za umma hapa Mwanza. Vijana wanaokuja kwangu wakiwa wamesomea uashi wanajua bloku na tofali, wanajua timazi na pima maji, na hilo ni jema. Jiwe lisilo na umbo wanaliogopa. Wanalitazama wanasubiri mtu awaambie ni la wapi. Ujuzi huo haupatikani kwenye ukuta wa mazoezi unaojengwa na kubomolewa kila Ijumaa. Ukuta ambao watu wataishi chini yake humfundisha mtu upesi, kwa kuwa anajua akikosea atawakosea majirani.

Hili si wazo geni duniani. Makanisa makuu ya Strasbourg, Ufaransa, na Cologne, Ujerumani, yana karakana zake za waashi. Jengo lenyewe ndilo shule, fundi mkongwe anamrithisha kijana akiwa juu ya jukwaa, na mwaka 2020 UNESCO iliutambua utaratibu huo kama mfano bora wa kutunza urithi. Ukuta wa mawe makavu nao, kwa nchi kadhaa za Ulaya, uliingizwa kwenye orodha ya urithi usioshikika mwaka 2018. Wenzetu wanaandikisha kupanga mawe kama hazina ya dunia, sisi mpanga mawe tunamlipa posho ya chai.

Njia za kufanya mnazo tayari, wala sihitaji kuwafundisha kazi yenu. Kuna mpango wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambao VETA inausimamia. Uuleteni vilimani kwa wapasua mawe, na mtahini awapime kwa kazi na kwa mdomo. Nina fundi, mzee wangu, anayeweza kukuambia jiwe litapasukia wapi kwa kulitazama, na hajui kusoma. Ukimwekea karatasi umemfelisha kabla hajaanza. Kuna mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi, shuleni tangu sera ya elimu ilipohuishwa mwaka 2023. Shule za Nyamagana na Ilemela zina mawe uani, zianzie hapo. Kuna asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ila kikundi cha vijana kisicho na ujuzi kikipewa mkopo kinanunua bodaboda, na mwisho wa hadithi hiyo mnaujua kuliko mimi. Mafunzo yatangulie, mkopo ufuate, ununue tindo, nyundo, kabari, kofia ngumu, miwani na barakoa.

Kazi nayo ipo. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wamejenga barabara za mawe kwenye vilima vyetu, na madaraja ya mawe ya upinde yanajengwa sehemu mbalimbali za nchi kwa sababu yanahitaji nondo kidogo au hayahitaji kabisa, na malighafi iko pale pale. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu. Kinachotukwamisha ni kwamba kikundi kikiomba zabuni kinaulizwa cheti na uzoefu, na vyote viwili hakina, ingawa mikono ya wanakikundi ndiyo itakayoajiriwa kwa siku na huyo atakayeshinda. Kila mkataba wa kazi ya mawe katika mkoa huu ungebeba nafasi chache za wanagenzi, wenye majina na daftari la kazi, tatizo hilo lingepungua bila bajeti mpya.

Kuhusu chokaa, hapa ziwani haipatikani kwa urahisi maana graniti haitoi chokaa. Itabidi itoke mbali, Tanga kwa mfano. Na wanaoijua kazi yake wako pwani na visiwani. Vijana wachache wapelekwe Mji Mkongwe wakakae na mafundi wa kule, au fundi mmoja aletwe huku. Sisi tutamwonyesha graniti, yeye atatuonyesha namna ya kuilaza chokaa ikaiva bila kupasuka.

Najua mtu atauliza, je, wasichana wataweza? Wanaponda mawe hayo hayo tangu wakiwa watoto. Swali hilo liulizwe kwa anayewalipa kwa ndoo.

Ikiwa ombi zima ni kubwa mno kwa mwaka huu, anzeni na jengo moja. Liwe la umma, la zamani, linalovuja, na ambalo mmeshatenga fedha ya kulipaka rangi. Badala ya rangi, tuachieni kwa miezi sita. Tuchukue vijana 12, nusu yao watoke kwenye kokoto, nusu yao wawe wasichana. Mhandisi wa halmashauri apite kila wiki awaulize kila mmoja kwa nini ameweka jiwe lake pale. Wakishindwa kumjibu, aandike. Wakimjibu, aandike pia, na maandishi hayo yawe sehemu ya cheti chao.

Tunachohitaji kwenu kuanza ni barua ya ruhusa, jukwaa, maji ya kulowesha mawe, chakula cha mchana, na bima. Nyundo tunazo. Majibu tutayapokea kupitia ofisi ya serikali ya mtaa, Mabatini.

Nawasilisha.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Fundi mwashi, Mabatini, Mwanza

Nakala:
Waheshimiwa Wabunge wa Nyamagana na Ilemela
Meneja wa TARURA, Mkoa wa Mwanza
Wenyeviti wa mitaa ya Mabatini, Igogo, Bugarika na Isamilo, kwa ajili ya kubandika ubaoni